Paka Hutumia Mkono Gani

Baba mdogo Banza tulimzika siku ya Jumamosi, na mvua iliyokuwa imejikusanya tangu asubuhi ikavumilia mpaka watu wakatoka makaburini. Kesho yake, nyumbani kwake Kamina, walibaki wale wa ndani tu. Wanawake tulikuwa tumejinyoosha kwenye mikeka sebuleni, sauti zimekauka kwa kuimba, na hakuna aliyekuwa na neno jipya la kusema. Mjukuu wake Ketia, msichana anayesoma chuo, alikuwa amekaa kizingitini akimchezesha paka kwa utepe uliodondoka kwenye shada la maua. Akasema, bila kumwelekea mtu, kwamba amesoma kwenye simu kuwa paka nao wana mkono wanaoupenda kuliko mwingine, kama watu. Dada yake akambishia: paka ana mikono wapi, ana miguu minne tu. Hapo Mama Serafina, mjane wa baba mdogo, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefungua kinywa, akainua kichwa kutoka mkekani. "Iko na mukono," alisema. "Papa Banza alijuaka ile mbele simu haiyakuya." Kisha akanitazama mimi. "Numbi, weye ulikuwaka humu ile mwaka. Baelezee." Nikawaeleza kidogo, kwa namna mtu anavyoeleza kwenye matanga, akikata huku na kule ili watu wapate kucheka. Hapa nataka kueleza pamoja na yale niliyoyakata.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeletwa Kamina kusoma sekondari, na baba mdogo alikuwa akifanya kazi ya kuunganisha mabehewa kwenye reli. Nyumba ilikuwa katika kambi ya wafanyakazi: matofali mekundu, sebule yenye viti vinne vya mbao, vyumba viwili, na jiko lililosimama peke yake nyuma uani, kuta zake nyeusi kwa moshi. Kati ya sebule na chumba cha wenye nyumba hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la kitenge cha kijani. Ninalikumbuka pazia lile kuliko ninavyoikumbuka sura yangu mwenyewe ya wakati ule, maana mambo mengi niliyoyajua nyumbani humo yalinifikia kupitia kwalo. Mwanzoni mwa msimu wa mvua, asubuhi moja, baba mdogo alikuwa amesimama kati ya mabehewa mawili, mguu wake ukateleza kwenye jiwe lililolowa, akanyoosha mkono ajishike, mabehewa yakaubana. Hakuna aliyekosea. Wenzake walisimulia hivyo hospitalini, naye alisimulia hivyo maisha yake yote. Mkono wa kulia ulikatwa juu kidogo ya kifundo. Aliporudi nyumbani alikuwa na kigutu kilichofungwa kitambaa cheupe, na alikipakata kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga mgonjwa.

Mama yake, Nkambo Ngoie, alikuja kutoka kijijini amekaa nyuma ya baiskeli, mfuko wa unga wa mihogo magotini. Wote tulimwita Nkambo, yaani bibi, hata majirani wasio wa ukoo. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, Mkatoliki wa kuamka na rozari na kulala nayo. Mimi nilikuwa namjua vizuri. Nilipokuwa mdogo nilikaa kwake, na yeye ndiye aliyegundua kwamba mimi ni mashoto. Hakunipiga. Alichukua kipande cha kitenge akaufunga mkono wangu wa kushoto ubavuni asubuhi, akaufungua jioni, na siku nilizolichomoa fundo alinipaka pilipili vidoleni. Aliyafanya hayo kwa upole, akiniimbia, kama mtu anayemtibu mtoto. Mkono wa kushoto, alinifundisha, ni wa kazi za chooni. Haupokei, hautoi, hausalimii, na zaidi ya yote haugusi bukari, ule ugali wetu wa mahindi na mihogo ambao watu huula pamoja kwenye sahani moja. "Njo maana banaitaka mukono ya kulia," alisema. "Ni ya kulia chakula." Nilipofika Kamina nilikuwa nikila kwa kulia na nikiandika kwa kulia, kwa mwandiko ambao walimu waliuonea huruma. Lakini nilipokuwa peke yangu, kiberiti, kisu na sindano vilijirudia vyenyewe kushoto.

Sasa lugha yenyewe ilikuwa imemgeukia mwanawe. Mkono wa kulia haukuwapo tena, na kulia kwa maana ile nyingine, ya machozi, mwanamume wa kambini hakuruhusiwa. Siku ya kwanza ya kurudi kwake Mama Serafina aliandaa bukari, sombe ya majani ya mihogo yaliyotwangwa, na samaki wa kukaushwa wa Bukama, wale wanene wanaonuka moshi hata ukiwapika mara mbili. Baba mdogo aliketi mahali pake, akaitazama sahani, akainua mkono wa kushoto. Nkambo akasema tu, kwa sauti ya chini, "Banza." Mkono ukashuka. Tukakaa vile, chakula kinapoa, mpaka Mama Serafina alipoinyanyua sahani akaingia nayo nyuma ya pazia, na mumewe akamfuata. Kijiko kilikuwapo, ndiyo, lakini kijiko nacho hushikwa kwa mkono, na mkono uliobaki ulikuwa ni uleule. Upande wetu wa pazia tuliacha kutafuna. Tulimsikia Mama Serafina akisema, "Fungua," na baada ya kitambo tena, "Fungua." Tangu siku hiyo alilishwa hivyo, mchana na jioni. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeuguza na nimezika, lakini sijasikia sauti nzito kuliko ile ya mtu mzima anayetafuna chakula alichotiwa mdomoni, akijitahidi asisikike.

Alikonda. Wenzake wa reli walipokuja kumjulia hali, Nkambo aliwaambia amelala, naye alilala kweli, ameelekea ukutani na macho wazi, kwa sababu kuwasalimia kungetaka mkono. Mchana mmoja niliporudi kutoka shuleni nilikaa sebuleni nikifua vitambaa vya viti kwenye beseni, nao hawakujua kama nipo. "Rudia kwenu Kaniama," nilimsikia baba mdogo akimwambia mkewe. "Weye ungali kijana. Minyi siko tena bwana ya muntu. Niko mutoto ya kulisha."

"Nani alikuambia nimechoka?"

"Mikono yako inasema. Jana ulinilisha na haraka."

"Nilikuwa na sufuria juu ya moto," alisema Mama Serafina.

Nilitoa mikono yangu majini polepole ili maji yasilie. Wiki ileile, bila kumwambia mtu, baba mdogo alimpata abiria wa lori aliyekuwa akienda Kaniama, akamtuma kwa kaka zake Mama Serafina: waje wamchukue dada yao.

Kulikuwa na paka nyumbani, dume la kijivu lenye sikio lililochanika, ambaye baba mdogo alikuwa amempa jina la Kontrolere, kwa sababu alipita kila chungu kama mkagua tiketi anavyopita behewa kwa behewa. Mchana Mama Serafina alikuwa sokoni akiuza samaki, na Nkambo alikuwa kanisani kwenye rozari ya akina mama, hivyo jikoni nilibaki mimi na paka. Siku moja kivuli kilijaa mlangoni. Baba mdogo, ambaye kabla ya ajali hakukanyaga jikoni, aliinama akaingia, akaketi kwenye kigoda cha mkewe. Nadhani alikuja pale kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo mgeni hangemfuata. Mimi nilikuwa namenya mihogo kwa kushoto. Nilikihamisha kisu kulia upesi, kikaniponyoka.

"Irudishe kule ilikuwa," alisema.

"Nkambo anaweza kuya, Papa."

"Nkambo iko kanisani. Irudishe."

Nikakirudisha. Akanitazama nikimenya, muhogo baada ya muhogo, na sikujua kama ananihurumia au ananionea wivu. Pembeni, Kontrolere alikuwa na kazi yake. Mama Serafina alizoea kuweka vichwa vya dagaa kwenye kopo refu jembamba la nyanya, akidhani kichwa cha paka hakitaingia, na kweli hakikuingia. Lakini mkono uliingia. Alikuwa akiuzamisha, akipapasa, akivuta kichwa kimoja cha dagaa kilichonasa kwenye kucha.

"Naye ni kama minyi," nilisema. Hata leo sijui nilipata wapi ujasiri. "Anatumiaka kushoto. Kila siku."

"Munyama hana kushoto. Anatumia mukono yenye iko karibu."

"Angalia tu, Papa."

Akaangalia. Siku hiyo aliangalia kwa kutaka kunikosoa. Aliniambia nilisogeze kopo upande wa kulia wa paka. Nikalisogeza, na Kontrolere akajipinda mwili mzima ili afike kwa kushoto. Akaniambia nililaze. Nikalilaza, akavuta kwa kushoto. Akaniambia nilibane kopo kwenye kona ya ukuta ili upande wa kushoto usiwe na nafasi. Paka alizunguka, akanung'unika, akatia mkono wa kulia, akapapasa vibaya, akautoa mtupu, kisha akaketi akitutazama kama mtu aliyeibiwa. Baba mdogo akatoa pumzi puani, pumzi ambayo zamani ingekuwa mwanzo wa kicheko. "Mutoe pale," alisema. "Tunamutesa bure."

Kesho yake alirudi. Hakutaja kwamba amerudi kwa ajili ya paka, aliuliza tu kama kopo lina kitu. Wakati ule hatukujua kwamba duniani kuna mtu mwingine aliyewahi kujiuliza swali lile. Kwetu lilikuwa ni la jikoni mle, la watu wawili. Ketia anasema kwenye simu yake wameandika kwamba madume wengi hupenda kushoto na majike kulia, ingawa si wote, na wengine hawana upande. Sisi tulifika karibu na hapo kwa njia yetu. Jirani yetu Mama Ntumba, Mkasai aliyeuza chumvi na mawese, alikuwa na paka jike mweupe. Miaka michache baadaye Mama Ntumba na wanawe waliondoka Kamina pamoja na Wakasai wengine waliofukuzwa, wakapanda treni ya kwenda nchi ya mababu zao, ambayo watoto hawakuwahi kuiona, na hatukupata habari zao tena. Lakini mwaka ule bado tulipeana makaa ya moto juu ya ukuta. Baba mdogo alinituma nikamwazime paka. "Ya kufanya nini?" aliuliza Mama Ntumba. Nikamwambia Papa anataka kuona anakulaka na mukono gani. Alinitazama muda mrefu, akageuka kulitazama pazia letu la dirishani, akamnyanyua paka akanikabidhi. Yule jike alitumia kulia, tena kwa ustadi, kama mtu anayechota maji. Nilimwambia baba mdogo kwamba paka wa shuleni kwetu nimemchunguza pia, naye hutumia wowote. Alilifikiria hilo kwa uzito uleule ambao wanaume wengine waliufikiria mshahara.

"Huyu wetu," alisema, "nani alimufundisha?"

"Hakuna muntu, Papa."

"Na nani alimukataza?"

Alikuwa akiutazama mkono wangu uliokuwa na kisu. Akanyoosha wake. "Leta," alisema, nikampa kisu na muhogo. Muhogo hauwezi kumenywa kwa mkono mmoja, na hilo tuliligundua papo hapo, mpaka alipoubana kwa kigutu pajani, akakata ganda nene pamoja na nusu ya nyama yake. Jioni Mama Serafina aliuliza kwa nini mihogo imekuwa midogo vile. Nikamwambia ilikuwa mibaya.

Baada ya kisu tulihamia kwenye bukari. Nilimwekea kiporo cha jana kwenye kifuniko cha sufuria. Mtu aliyezaliwa kwenye bukari hajui kama kula ni kazi ya ufundi: kumega bila kuchafua sahani, kuviringisha kiganjani, kubonyeza kwa dole gumba mpaka papatikane kijishimo cha kuchotea mboga, na yote hayo huku unazungumza na watu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu za kuinua chuma, lakini ulikuwa mjinga kama mkono wa mtoto. Tonge lilipasuka. Lilimdondoka kwenye suruali, na Kontrolere akalipokea. Sikuwa na cha kumfundisha, kwa kuwa mimi mwenyewe bukari sikuwahi kuila kwa kushoto tangu nilipofungwa kitenge. Nilikaa tu pale. Wakati mwingine nadhani hilo ndilo alilolihitaji, mtu wa kukaa pale asiyesema "fungua." Wiki zilipita hivyo. Mchana alijaribu, jioni alilishwa nyuma ya pazia, na hakuna aliyejua, isipokuwa Mama Serafina, aliyeanza kutuachia kiporo kingi kuliko ilivyokuwa kawaida, na hakuuliza kitu.

Siku moja mvua kubwa ilivunja rozari. Nkambo alirudi mapema, akaja moja kwa moja jikoni kujipasha moto, na kumbe tupo. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka kwenye kitambaa cha kichwa. Baba mdogo alikuwa na tonge mkononi, limekaribia kinywa. Mimi nilitazama chini. Nilidhani atasema jina lake tu, kama siku ile, na kila kitu kitaisha. Hakusema. Baba mdogo alimtazama mama yake machoni, akalitia tonge mdomoni, akatafuna, akameza. Nkambo aligeuka akarudi kwenye mvua. Alikwenda kukaa barazani na nguo zilezile zilizolowa, na jioni hiyo hakula chochote.

Siku chache baadaye nilirudi mapema kutoka shuleni, mwalimu wetu akiwa mgonjwa, nikamkuta Nkambo uani peke yake, ameketi chini, miguu ameinyoosha, kichwa cha samaki kinaning'inia vidoleni. Kontrolere alikuwa mbele yake. Nkambo alikipeleka kichwa upande wa kulia, paka akaleta mkono wa kushoto kwa kujipinda. Akakipeleka mbali zaidi, paka akajipinda zaidi. Ndipo akafanya jambo ambalo lilinifanya nisimame nyuma ya ukuta nisionekane. Aliushika mkono wa kushoto wa paka ndani ya ngumi yake, taratibu, jinsi alivyokuwa akiushika wangu, na kwa mkono mwingine akakileta kichwa cha samaki karibu kabisa na pua. Paka hakupigana. Alisubiri. Harufu ile ilimfanya mwili umtetemeke, lakini mkono wa kulia aliuacha chini, akasubiri aachiwe. Walikaa hivyo, bibi na paka, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Mwishowe Nkambo akafungua ngumi. "Vidye," alisema, jina la Mungu katika Kiluba chetu.

Kaka zake Mama Serafina walifika na lori la mahindi, mchana wa Jumapili. Wawili: Papa Mukalay, mkubwa, mfugaji wa ng'ombe, mtu wa shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, na mdogo wake, aliyekuwa akimwangalia kaka yake kila mara kabla ya kuzungumza. Mama Serafina hakujua kwa nini wamekuja mpaka Papa Mukalay aliposema, ameshaketi: "Shemeji alituma neno. Alisema tukuye kuchukua dada yetu. Tumekuya." Nilikuwa nimesimama na maji ya kunywa mkononi. Mama Serafina aligeuka akalitazama pazia, kisha akatoka kwenda jikoni, na muda mfupi baadaye tulisikia mwiko ukigonga sufuria, kwa kuwa wageni lazima wale kwanza, hata waliokuja kuvunja nyumba. Pale jikoni alisonga bukari kama mtu anayepigana nayo. Shemeji kwetu ni mtu wa kuogopwa. Mbele yake hata kikohozi hupimwa. Kula naye kwa mkono wa kushoto lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu wa kambini aliyewahi kuliona, na kukataa kula naye kulikuwa sawa na kumwambia amchukue dada yake.

Pazia likafunguka. Baba mdogo alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Akaketi kwenye kiti chake. "Bashemeji, karibuni," alisema. "Ni kweli, nilituma neno. Leo nataka kula na ninyi, halafu mutasema yenye mulikuya kusema. Lakini mukono njo hii tu."

Papa Mukalay hakukasirika. Hilo ndilo lililotisha. Alisema polepole, kama anayemkumbusha mtu: "Kwetu muntu hatiake kushoto mu sahani ya bashemeji."

"Najua," alisema baba mdogo. "Hata kwetu."

Kazi ya kunawisha wageni ilikuwa yangu, na birika lilikuwa tayari mkononi. Nkambo akalichukua. Mwanamke wa umri wake hanawishi watu, ananawishwa. Akaweka beseni mbele ya Papa Mukalay, akamimina, naye akanawa haraka kwa aibu ya kuhudumiwa na mzee. Akamnawisha mdogo wake. Kisha akasimama mbele ya mwanawe. Baba mdogo akanyoosha mkono wa kushoto juu ya beseni. Nkambo alimimina maji, akaliweka birika sakafuni, akapiga magoti, akauchukua mkono ule katikati ya viganja vyake akauosha: kiganja, nyuma ya kiganja, kidole kwa kidole, na chini ya kucha mlimokuwa na weusi wa makaa. Akaukausha kwa kitenge alichokuwa amevaa. Alipoinuka, kwa kujishikilia kwenye goti la mwanawe, aliwaelekea wageni.

"Iko safi," alisema. "Minyi njo nilimuzaa nayo."

Mama Serafina alikuwa ameleta sahani na amesimama nayo mlangoni. Akaiweka mezani. Papa Mukalay aliutazama mkono, akamtazama dada yake, akamega upande wake, kipande kidogo. Baba mdogo akamega upande wake. Nilikuwa nikilitazama tonge lile kuliko nilivyowahi kutazama kitu. Alilizungusha kiganjani, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota sombe, akala. Halikupasuka. Walikula bila maneno mpaka sahani ikafika katikati, ndipo shemeji mdogo alipouliza, bila kumwangalia kaka yake, kama ni kweli mto umefurika kule Bukama. Baba mdogo akamjibu. Walipomaliza, Papa Mukalay alimgeukia dada yake. "Serafina, unasema nini?"

"Niko na sufuria juu ya moto," alisema Mama Serafina, akatoka.

Waliondoka kesho yake peke yao. Sitaki kusema kwamba yote yalipona. Papa Mukalay alikuja Kamina mara nyingi baadaye, akaketi kwenye kiti kilekile, lakini hakula tena katika nyumba ile. Kila mara alikuwa amekwisha kula njiani. Mama Serafina aliumia kwa jambo hilo mpaka kaka yake alipofariki. Baba mdogo hakurudi kwenye reli. Alijifunza kutengeneza baiskeli, akibana bomba kwa kigutu na magoti, na watu wa Kamina walimpelekea baiskeli zao, na baadaye pikipiki, mpaka uzeeni. Aliandika jina lake kwa kushoto, kwa herufi kubwa zilizoinama. Asubuhi za baridi mkono ambao haukuwapo ulimuuma, na ungemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda akiushikilia mahali palipokuwa patupu. Hakuwahi kusema kwamba alimshinda mtu. Alisema tu, akiulizwa na vijana, kwamba alilishwa kwa miezi kadhaa na hataki kulishwa tena. Mwaka huu, mwishoni, alilishwa tena, na Mama Serafina aliniambia kwamba safari hii alifungua kinywa bila kuambiwa.

Lakini ninapoufikiria mwaka ule, siishii sebuleni. Ninaishia jikoni, mchana uleule wa Jumapili, wageni wakiwa wamejinyoosha barazani na Mama Serafina amekwenda kuchota maji. Nkambo aliniita tule kile kilichobaki. Aliiweka sahani katikati yetu, akamega, akatafuna, huku akiutazama moto. "Numbi," alisema, "kula na mukono yenye unapenda."

Sikuamini. Nilisubiri nione kama ni mtego, lakini uso wake ulikuwa wa kawaida, umechoka. Nikainua mkono wa kushoto. Ulifika ukingoni mwa sahani, ukasimama. Vidole vilijikunja vyenyewe, kana kwamba vimeona kitu nisichokiona mimi. Nilijaribu tena. Nilikuwa nimeuona mkono wa mtu mzima ukijifunza kutoka mwanzo, tonge kwa tonge, na nilijua inawezekana, lakini yeye hakuwa na mwingine, na mimi nilikuwa nao. Nikaushusha wa kushoto mapajani, nikamega kwa kulia.

Nkambo aliacha kutafuna.

"Ile kitenge," alisema, akiiambia sahani, "nilifungaka kwa nguvu sana."

Hakulizungumzia tena, siku ile wala baadaye. Alivuta kipande cha samaki kilichokuwa upande wake, kile cha tumboni kilicho laini, akakichambua miiba mmoja mmoja, akakiweka mbele yangu, akangoja nile.